Bati la Upande wa Upepo

Wanjiku wangu, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Umeenda senta ya maduka kusukwa nywele, na ninakujua ukienda kusukwa hurudi mpaka ng'ombe awe amekamwa na chai imepoa. Ndiyo nimepata nafasi. Nimevuta meza karibu na hili dirisha jipya, kama tutaliita dirisha, na mwanga wa jioni unafika mpaka kwenye karatasi. Kesho ndugu yako Kariuki atakuja na pickup ya bosi wake kutoka Kikopey, huko kwenye hoteli za nyama. Atakuwa na haraka, atakuwa ananuka moshi wa nyama choma, na mimi nitakuwa nalia. Hakuna la maana nitakalosema hapo getini. Kwa hivyo nalisema sasa.

Habari ya sweta na habari ya kula naziacha. Wewe ni nesi, na hao wazee wa Ujerumani unaoenda kuwatunza wanaijua baridi kuliko mimi. Ninachotaka kukuambia ni kwa nini nilikataa usitoe bati la ukuta huu, nikakataa kwa hasira mpaka ukalia, halafu juzi nikatoka matembezini na kukuambia, "Chukua nyundo. Litoe." Ulinitazama kama mtu aliyebadilishiwa mama. Hukuuliza kitu. Nadhani uliogopa ukiniuliza nitageuka, na ulifanya vizuri, maana ningegeuka.

Nyumba hii unaijua kutoka ndani, umezaliwa ndani yake. Lakini hujui jinsi ilivyofika. Mimi na baba yako, Mungu amrehemu, tulipohamia hapa Dundori tulikuwa na shamba, ng'ombe mmoja, na chumba cha mbao zilizopasuka. Ukungu ulikuwa unaingia ndani na kukaa nasi kama mgeni. Kariuki alikuwa anakohoa usiku wote, na mimi nilikuwa na mimba yako. Baba yako alikuwa ananunua viazi vya mbegu badala ya mbao, akiniambia tungojee mavuno, na mavuno yalikuwa yakija yanakuta madeni yamekaa mlangoni.

Wanawake wa huku juu walikuwa na chama cha mabati. Hicho hakikuwa chama cha kugawana pesa na kwenda kununua vikombe. Mlichangia, mkanunua mabati, na mabati yakapelekwa kwa mmoja wenu, halafu mwingine, mpaka kila mtu alale pakavu. Zamu yangu ilipofika niliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa wanapanda kutoka barabarani kwa mstari, bati moja likibebwa kichwani na wawili, wakiimba, na kila wakipiga hatua mabati yanalia. Mbele yao alikuwa Mama Gathoni, mwenyekiti, mikono mitupu, akipiga vigelegele kwa niaba ya waliolemewa. Nilikuwa nimepika mukimo wa viazi na mahindi wa kutosha kijiji. Baba yako alisimama kando ya boma hajui aiweke wapi mikono yake. Mimi nililia, na sikuona haya.

Walirudi tena kwa kuta. Ukuta wa mwisho kufungwa ulikuwa huu nilioketi kando yake sasa, upande wa upepo, unaotazama bondeni Nakuru. Siku hiyo hiyo tukanywa chai ndani, mlango umefungwa, na hakuna upepo uliotufikia. Mama Gathoni akasimama na kutukumbusha sheria ya chama: bati la chama halitolewi. Sheria hiyo ilikuwa na sababu. Kulikuwa na mwanamume mmoja wa huko chini aliyeng'oa mabati ya mkewe moja moja akayauza apate ya kulewa, mpaka watoto wakalala chini ya karatasi ya nailoni. Basi tukaapa, vikombe mkononi. Tangu siku hiyo msumari wa bati ukilegea niliupiga ukarudi. Sikuung'oa hata mmoja.

Wakati huo ni nani aliyekuwa anajua habari ya network?

Kosa la kwanza la kuizuia lilikuwa langu, simlaumu baba yako. Fundi aliniuliza kama anaweza kutoboa dirisha upande huu, nikamwambia sitaki kuona huo upepo hata kwa macho. Kosa la pili unalikumbuka kwa sababu tulikuwa wote mjini. Nilitaka ile karatasi ya kung'aa ya kuweka chini ya paa na ukutani kuzuia baridi. Yule mzee Mhindi wa hardware, mwenye kalamu sikioni, akanitazama juu ya miwani.

"Mama, nyumba ni mawe?"

"Ni mabati."

"Bati juu, bati kando, sasa na hii ndani?" Akatikisa kichwa. "Simu utaongea na nani?"

Nikamwambia mimi nanunua joto, sinunui simu. Akacheka, akanikatia karatasi yake. Nilipata joto, Wanjiku, hilo huwezi kunikatalia. Lakini ile network kidogo iliyokuwa inachungulia mlangoni ikatoroka kabisa.

Ndipo tukaanza maisha ya kisikini. Ukiwa chuoni, ukikaa na shangazi yako kule Section 58 mjini Nakuru, nilikuwa napanda mpaka juu ya shamba, nakaa juu ya kile kisiki cha mti wa bluegum, gunia kichwani kama kuna manyunyu, nakungojea upige. Tena ukiongea kisikini unaongea mbele ya watu. Mlima wote ulikuwa unakusoma. Nikishuka nakutana na mtu njiani ananiambia, "Leo hukucheka na simu. Mtoto yuko sawa?" Nyumbani tulikuwa tunaning'iniza simu mlangoni ndani ya kikombe cha plastiki kwa kamba, ipate angalau meseji. Ukijaribu kuichukua uisome, meseji inakwama. Nilikuwa nasoma meseji zako nikiwa nimeinamisha kichwa chini ya kikombe kama kuku anayekunywa maji.

Ulipoanza kazi kwenye ile hospitali ya mbali ukaniletea booster ya kuvuta network. Nakumbuka ulivyopanda juu ya paa mwenyewe na ile antena, umefunga kanga kiunoni, nami chini nashika ngazi nikikugombeza. Na lile sanduku lake dogo la taa za kijani ukaliweka juu ya kabati. Simu ililia ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza, nami nikaruka kama nimeumwa na siafu. Lakini booster inakula stima, na stima ya huku unaijua. Tone la kwanza la mvua likigusa bati, stima imeenda kulala. Stima ikienda, taa za kijani zinakufa, na mimi nimerudi ndani ya mkebe.

Asubuhi niliyoanguka, stima ilikuwa imepotea. Hatujawahi kuizungumzia vizuri asubuhi hiyo, kwa sababu kila ukianza mimi nasema nilikuwa sawa. Sikuwa sawa. Niliteleza pale jikoni nikienda kukama, nyonga ikagonga simiti, na sikuweza kuinuka. Simu ilikuwa mfukoni. Ilikuwa na chaji, ilikuwa na credit. Niliishika nikaielekeza mlangoni, nikaielekeza juu, nikaivuta nami nikijikokota kwa tumbo mpaka pale mkeka unapoishia, na ilikuwa inaniambia hakuna network. Ng'ombe akaanza kulia, matiti yamemjaa. Nikalia naye. Aliyenipata ni Njoroge wa maziwa. Alisema, "Mathe, nimesikia ng'ombe inalia nikajua hiyo si ya kawaida." Ng'ombe ndiye aliyenipigia simu.

Ukaja na gari la usiku, ukaniuguza, na siku ile barua ya kazi ya Ujerumani ilipokuja ulinisomea na kuikunja.

"Mum, mimi siendi. Nitaenda kuinua mama za watu na wangu amelala kwa simiti hakuna anajua?"

Halafu ukasimama ukagonga ukuta huu kwa ngumi. "Hii bati moja tu. Tutoe hii moja, tuweke ile ya plastiki ya kupitisha mwanga. Mast ya simu iko hapo ng'ambo, naiona nikisimama nje. Haitaki stima, haitaki kitu. Ukikubali naenda. Ukikataa nabaki, na tusiongee tena hiyo story."

Nikakataa. Nikakuambia bati la chama halitolewi. Nikakuambia wewe ni mtoto wa juzi na hujui nyumba hii ilitoka wapi. Nikakuambia maneno mengine pia, na ukatoka nje ukilia ukajifanya unaenda kukata nyasi.

Sababu ya chama ilikuwa ya kweli. Niliona haya kuwatazama wale mama usoni nikiwa nimeng'oa walichonibebea kichwani. Lakini haikuwa sababu yote, na hii nyingine nakuandikia kwa sababu kwa mdomo siwezi. Ulisema nikikataa utabaki. Mimi nikasikia neno hilo moja, utabaki. Wiki nzima nilikuwa naamka nikiutazama ukuta huu na kujiambia kwamba bati lisipotoka, mtoto wangu yuko. Nilikuwa najua ni vibaya. Nilikuwa najua umesomea nini na umengoja kiasi gani, na bado nilikuwa nalitazama bati hilo kama mtu anayetazama mlango uliofungwa vizuri. Unisamehe kama unaweza. Usipoweza leo, bado kuna siku.

Juzi nikachukua fimbo nikaenda kwa Mama Gathoni. Nilitaka aniunge mkono. Nilitaka nirudi nikuambie kwamba mwenyekiti mwenyewe amekataa, ili ubaya usiwe wangu peke yangu. Tukakaa jikoni kwake, nyumba ya mabati kama yangu, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Akanimiminia uji. Nikaanza kumweleza mambo ya watoto wa siku hizi wasiojua thamani ya kitu. Na hapo, ndani ya jikoni, nyuma ya mgongo wangu, simu ikalia.

Nikafikiri ni redio.

Mama Gathoni akaishika, akaongea na binti yake Gathoni aliye Saudi, akamuuliza kama amekula, akamwombea, akaiweka chini. Nami uji umenipoa mkononi.

"Mama Gathoni, hiyo simu imelia hapa ndani?"

"Sasa ilie wapi?"

"Na bati?"

Halafu yule mama, ambaye amezeeka mpaka magoti yanalia kuliko mlango, akainuka akavuta pazia lile refu la maua ninaloliona kila nikienda kwake na kudhani ni la urembo. Nyuma ya pazia bati halikuwapo. Kulikuwa na plastiki nyeupe kutoka juu mpaka chini, na mwanga ukaingia ukanipiga machoni.

"Gathoni anapata simu dakika kidogo tu, akijificha choo bosi asimwone," akasema. "Akinikosa, amenikosa mwezi. Nikaona hii bati ni ya nini."

"Na sheria?"

"Si ni mimi niliwawekea? Ningewaambia aje?" Akaanza kucheka. "Enda kwa Mama Njuguna uangalie nyuma ya kuni. Enda kwa Nyambura, uangalie nyuma ya kabati. Wewe unafikiria kabati ya Nyambura ilihamishwa ya nini?"

"Kwa hivyo wote mlinificha?"

"Kukuficha wewe? Tulifichana wote. Mimi nilikuwa naogopa Nyambura, Nyambura ananiogopa mimi. Siku moja nikaingia kwake ghafla nikamkuta na simu kwa sikio, akaiweka kwa sufuria."

Tulicheka mpaka nyonga ikaniuma. Wanjiku, miaka hii yote wanawake wazima tumekuwa tukitembeleana, tukinywa chai, kila mmoja akikaa mbele ya shimo lake alizibe kwa mgongo. Na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sina shimo, nikijisifu moyoni kwa uaminifu wangu, nikikaa kisikini na gunia kichwani. Walikuwa wananihurumia. Mama Gathoni alisema walikuwa wakiniona kule juu kwenye mvua na kusema, "Yule msichana ni mgumu." Ananiita msichana mpaka leo.

Nilipoinuka kuondoka akanishika mkono. Kicheko kilikuwa kimeisha.

"Tulikuletea mabati usinyeshewe," akasema. "Hatukukuletea ukose kupatikana. Mtoto aende."

Hapo ndipo ilipotoka ile sauti yangu ya nyundo. Nilitembea njia yote nikijiambia nisipoitoa nikifika, sitaitoa kesho.

Sijui nikuambie nini kutokana na hayo. Si somo, mimi mwenyewe nimejua juzi. Labda hivi tu: huko utakutana na watu watakaokutendea wema mkubwa, na utataka kuwalipa kwa kutogusa chochote walichokupa. Wakati mwingine waulize. Mimi sikuuliza kwa sababu nilidhani kunyamaza ndiyo heshima, na wenzangu walikuwa wamenyamaza vivyo hivyo, na tukazeeka.

Na huko kwenye hiyo nyumba ya wazee utamkuta mmoja, lazima atakuwepo, anashinda na simu mkononi na hailii. Wenzako watamwambia aiweke chini ale. Wewe usimwambie hivyo. Kaa naye kidogo. Lugha yao bado inakusumbua, najua, lakini hilo halihitaji lugha nyingi.

Bati lenyewe usiwe na wasiwasi nalo. Nimemwomba Njoroge alipigilie juu ya ile stendi ya mikebe ya maziwa hapo getini, asiwe ananyeshewa akipima. Mama Gathoni akipita ataliona, na najua atacheka peke yake barabarani.

Sasa habari ya leo asubuhi. Ulipong'oa ule msumari wa mwisho ulishuka na bati mikononi polepole kama unashusha mgonjwa, na nilikupenda sana kwa hilo. Ukapasua ile karatasi ya kung'aa, ukapigilia plastiki, ukapaka lami pembeni upepo usipite. Nyumba ikawa nyeupe ndani. Niliona vumbi ambalo sijawahi kuliona. Halafu ukasema, "Mum, kaa hapo kitandani, usitoke. Naenda mpaka barabarani nikupigie." Ukashuka ukikimbia, na mimi nikakaa, simu mapajani, miguu pamoja, kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Ikalia.

Ikalia ndani ya nyumba yangu, bila stima, bila kikombe, bila kisiki. Jina lako likawaka. Nikaitazama. Ikalia mpaka ikanyamaza, ukapiga tena, ikalia tena. Nikasikia viatu vyako vinapanda mlima, mlango ukafunguka kwa kishindo, na wewe hapo, pumzi juu, machozi karibu.

"Haijashika? Mum, kwani haijashika?"

Nikakuambia kidole kiligoma, kwamba hizi simu za kupapasa hazitaki mikono ya kuchimba viazi. Ukaamini, ukanionyesha tena jinsi ya kuvuta ile alama ya kijani. Ukweli ni kwamba ninajua kuivuta. Nilikuwa nasikiliza. Nilitaka kujua itakavyokuwa, nyumba hii wewe hauko, halafu iwe na sauti yako inakuja. Na nikajua nitaweza.

Kwa hivyo ukifika huko upige. Na nisiposhika mara moja usiogope, usimpigie Njoroge, usitafute ndege ya kurudi. Iache ilie kidogo. Niko hapa upande wa upepo, nasikiliza, na nitaishika.

Mama yako